Nabii aliyesema "sijaambiwa"

Nabii alinijibu kwenye simu kabla hata sijamaliza kueleza. Ilikuwa 2014, Dar, nimesimama nje ya wodi, mdogo wangu yuko ndani figo zote mbili zimegoma anasubiri mashine ya kusafisha damu, na ile namba nimepewa na shoga yangu wa kazini. Nikapiga, nikasema shikamoo baba nabii, nina mdogo wangu anaumwa, nikakatizwa hapo hapo. "Bwana ananiambia huyo kijana hafi. Siku 40 binti yangu, atatembea." Hakuniuliza jina la mgonjwa wala anaumwa nini. Nikalia kwa furaha pale kwenye korido, nikaingia ndani nikamwambia mdogo wangu: Mungu amesema unapona.

Hiyo sentensi ndiyo niliyoibeba miaka yote, maana nabii hakumwambia yeye, nilimwambia mimi. Na aliniamini kwa sababu ni mimi dada yake, niliyembeba mgongoni wakati mama anahangaika na biashara ya samaki Feri. Wiki ya pili akagoma kwenda kwenye mashine, akasema dada si Mungu ameshasema, mimi nikienda si naonyesha sina imani? Nikanyamaza. Siku ya 19 tukampoteza. Nilipompigia tena yule mtu akaniambia imani yetu ilikuwa na ufa, na akaniambia haraka vile vile kama mara ya kwanza.

Kwa hiyo 2017 nilipopata kazi ya kea kaskazini mwa London, kumtunza mzee wa Kiyahudi wa miaka 86 anayeshika dini kweli kweli, mimi neno "nabii" nilikuwa sitaki kulisikia. Kanisani naenda lakini ukianza unabii natoka nje kama naenda chooni.

Mzee macho yalikuwa yamekwisha katikati, anaona pembeni tu, kusoma hawezi, na kwake yeye kutosoma ni njaa. Kila asubuhi baada ya chai rafiki yake wa miaka mingi anampigia simu, mmoja anasoma Talmudi, ile mijadala ya marabi wa zamani, mwingine anasikiliza, wanabishana saa nzima sauti juu mpaka mwanzoni nilikuwa nadhani wamegombana, halafu wanaagana kwa upendo kesho tena. Jioni ilikuwa zamu yangu kumsomea tafsiri za Kiingereza. Mambo ya nyumba niliyazoea, vyombo vya nyama na vya maziwa havikutani hata kwenye sinki, Ijumaa jua halijazama kila kitu kimeshapikwa na taa zimeshapangwa, simu inazimwa mpaka Jumamosi nyota zitoke. Nilimwita Mzee, nikamwambia kwetu ni heshima, akafurahi, akauliza yeye aniiteje, nikamfundisha "mwanangu" akawa analitamka vizuri tu.

Siku moja akaniuliza nabii kwa Kiswahili mnasemaje. Nikasema si hivyo hivyo, nabii. Akapiga meza, maana kwao ni "navi". Tukaanza kuyatafuta, roho yetu ni "ruakh" yao, salama yetu inatoka tumbo moja na "shalom", na kauli, ambayo sisi tumeichukua kwa Waarabu, ina ndugu yake "kol" ambayo kwao ni sauti. Ila lililomshika zaidi ni neno letu wenyewe. Aliniambia Kiebrania kina neno "davar", maana yake neno, na maana yake jambo pia, kitu kilichotokea. Nikamwambia Mzee hata sisi, mtu akikukanyaga kwa bahati mbaya unamwambia "si neno", ukimuona mwenzako kanuna unamuuliza "kuna neno gani?" Akanifanya nirudie mara tatu. Akasema basi wewe huhitaji mimi nikueleze, maandiko yanaposema neno la Bwana lilimjia nabii fulani, hayasemi alipata wazo, yanasema kuna jambo lilimfika. Limemfika kama msiba unavyomfika mtu, au mgeni. Halitoki kwake.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Limemfika. Yule wangu wa kwenye simu lilimfika saa ngapi?

Sasa ikafika Novemba 2017. Kila Sabato Wayahudi wanasoma sehemu ya Torati, na baada yake wanasoma kipande cha manabii kinachoitwa haftara. Wiki ile Torati ilikuwa Mwanzo 18 na kuendelea, Ibrahimu amekaa mlangoni pa hema wanakuja wageni watatu, na haftara ni 2 Wafalme 4, yule mama wa Shunemu. Mzee alitaka nimsomee Alhamisi ili Jumamosi akae sinagogi akijua kinachoendelea.

Mimi hiyo hadithi nilihubiriwa tangu Sunday school lakini siku zote tunaanzia muujiza na kuishia muujiza. Kuisoma kwa sauti, taratibu, kwa mtu asiyeona, ni kitu kingine. Yule mama hakuomba mtoto. Elisha ndiye aliyemwahidi, na yeye akamwambia usinidanganye. Mtoto akazaliwa, akakua, siku moja yuko shambani na wavunaji akalia kichwa changu kichwa changu, akafia mapajani kwa mama yake mchana. Mama akampandisha kwenye kitanda cha yule nabii, akafunga mlango, akatandika punda. Mume anamuuliza unakwenda kwa nabii leo kuna nini, si mwezi mwandamo si Sabato. Akajibu neno moja. Mzee akanisimamisha, akasema kwa Kiebrania hapo ni "shalom". Mtoto amekufa juu, mlango umefungwa, na anasema shalom. Halafu mtumishi wa Elisha anamuuliza hujambo, mumeo hajambo, mtoto hajambo, na anajibu tena shalom.

Nikamwambia hiyo si ajabu kwetu. Kwetu mtu anapiga simu kuleta taarifa ya msiba, unamuuliza habari za huko anasema nzuri, mnaendeleaje hatujambo, ndio baadaye anakwambia "ila". Lazima kwanza iwe nzuri.

Nikaendelea kusoma. Anafika kwa nabii anamshika miguu, mtumishi anataka kumsukuma, Elisha anasema mwache, roho yake ina uchungu, na Bwana amenificha, hakuniambia.

Hapo sauti ilikata. Nilirudi nikasoma ule mstari tena kwa macho tu. Elisha huyu aliyegawanya maji ya Yordani na kumponya Naamani ukoma, mkubwa wa manabii wa wakati wake, amesimama mbele ya mama aliyefiwa, na anakubali mbele ya mtumishi wake kwamba hajaambiwa. Hakubuni kitu wala hakumwambia mama imani yako ina ufa. Nililia mpaka Mzee akanyoosha mkono akawa anautafuta wangu mezani, na hakusema kitu kwa muda mrefu, na kwa kweli nashukuru hakusema.

Baadaye nikamsimulia yote, ya wodi, ya siku 40. Nikamwambia yule mtoto wa Shunemu alifufuka, wangu hapana, kwa hiyo hadithi si yangu. Ndipo akaniambia kitu ambacho sikukijua. Wayahudi wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kama yeye, wanasoma haftara hiyo mpaka mstari wa 37, mtoto anafufuka. Ila wale wa asili ya Uhispania wanaishia mstari wa 23, kwenye ile "shalom" ya mama kwa mumewe. Yaani kwenye sinagogi zao Sabato ile watu wanatoka wanakwenda kula na mtoto bado yuko kitandani mlango umefungwa. Akasema wameishi hivyo miaka mamia.

Baridi yote ile tukawa tunasoma manabii, mimi ndiye niliyekuwa naomba. Kuna sehemu mbili za Yeremia ziliniingia kama sindano. Ya kwanza sura ya 28. Yeremia anatembea na nira shingoni kuonyesha Yuda itatumikia Babeli, anakuja Hanania, nabii mwenzake, mbele ya makuhani na watu wote, anasema ndani ya miaka miwili Mungu ataivunja nira ya Babeli na vyombo vya hekalu vitarudi, na anaivunja ile nira hadharani. Yeremia anasema amina, Bwana na afanye hivyo. Natamani nielewe vizuri alivyoisema ile amina, maana yeye mwenyewe alitamani iwe kweli. Kisha anaondoka zake. Hana jibu, anakwenda nyumbani, na neno linamjia baadaye. Ya pili sura ya 42, Yerusalemu imeshaanguka, waliobaki wanamuuliza Yeremia twende Misri au tubaki, wana hofu, wako mbioni kabisa, na Yeremia anasema nitaomba. Neno likamjia baada ya siku kumi. Siku kumi! Watu wamefunga mizigo wanamsubiri na nabii wa kweli anakaa siku kumi bila la kusema. Mimi nilijibiwa ndani ya dakika moja.

Mzee alikuwa mtu wa Rambam, yaani mwanachuoni wa Kiyahudi Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Córdoba akafia Misri mwaka 1204. Huyu ameandika kuhusu unabii kuliko wengi, kitabu chake kikubwa cha falsafa alikiandika kwa Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, na muda huo huo alikuwa tabibu, mchana yuko kwenye jumba la watawala Cairo na akirudi nyumbani anakuta wagonjwa wamejaa. Hilo nililishika sana. Mtu aliyefikiria kwa kina namna Mungu anavyosema na mwanadamu ndiye huyo huyo aliyekuwa anaandika dawa.

Rambam anafundisha kwamba nabii hawezi kutabiri saa anayotaka. Anajiandaa, anatulia, anakaa katika furaha, wengine walitumia vinubi na matari kama Elisha alivyoita mpiga kinubi, na baada ya yote hayo anangoja, na inawezekana lisije. Wote walipokea kwa ndoto au maono, wakitetemeka, isipokuwa Musa, ambaye Hesabu 12 inasema Mungu alisema naye mdomo kwa mdomo. Na kwenye Hesabu 9 hata Musa alipoletewa swali gumu la wale waliokosa Pasaka aliwaambia ngojeni nisikie.

Kuna pengine Rambam anaeleza kwamba unabii ni kama mmiminiko kutoka kwa Mungu, unaingia kwanza kwenye akili ya mtu halafu kwenye uwezo wake wa kuona picha. Ukiishia kwenye akili peke yake unapata mwanachuoni. Ukiingia kwenye zile picha peke yake bila akili unapata watawala na wapiga ramli na waota ndoto, na baadhi yao wanaona vitu vizito mpaka wenyewe wanaamini ni manabii. Nilikaa kimya niliposoma hapo. Miaka mitatu nilikuwa nimemweka yule mtu kwenye fungu la waongo, na kwa mara ya kwanza nikafikiria labda hakunidanganya, labda kweli aliona kijana anatembea. Haikunipunguzia uchungu ila ilibadilisha namna ninavyomuombea, maana kabla ya hapo nilikuwa simuombei.

Na sheria ya kumpima ipo. Rambam, akiifuata ile ya Yeremia na Hanania, anasema nabii akitisha mabaya na yasitokee huwezi kumwita mwongo, kwa sababu watu wanatubu na Mungu ni mwingi wa rehema, Yona alitangaza siku 40 Ninawi iangamizwe na haikuangamizwa na Yona ni nabii halali. Lakini akiahidi jema kwa jina la Mungu, lazima litimie lote. Lisipotimia, Mungu hakumtuma. Hakuna habari ya imani yenu ilikuwa na ufa. Niliisoma hiyo nikamsomea Mzee tena bila yeye kuomba. Siku 40 za Ninawi na siku 40 zangu, namba moja, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa aliyeahidi, hauko kwa mgonjwa kitandani.

Msidhani wao kwa wao wanakubaliana. Ile Mwanzo 18, Rambam anasema wageni watatu wa Ibrahimu walikuwa katika maono, kwa sababu popote malaika anaposema ni maono au ndoto. Ramban, mwanachuoni mwingine, wa Girona, jina linaishia na n, aliyeandika karne iliyofuata, akawaka: kama ni maono basi Sara hakukanda unga wala hakucheka, maneno hayo ni marufuku kuyasikia sembuse kuyaamini. Mzee yuko upande wa Rambam, rafiki yake wa simu upande wa Ramban, na wamebishana hilo tangu vijana. Nilichokipenda ni kwamba hakuna aliyesema "Mungu ameniambia mimi ndiye niko sahihi". Kwao hoja hiyo haipo mezani. Marabi walisema tangu wafe Hagai, Zekaria na Malaki, Roho wa unabii aliondoka Israeli, na kuna kile kisa cha Talmudi cha tanuri, marabi wanabishana sheria juu ya tanuri, Rabi Eliezer peke yake dhidi ya wenzake wote, mti unang'oka kumuunga mkono, mto unarudi nyuma, sauti kutoka mbinguni inasema mnabishana naye ya nini, na Rabi Yoshua anasimama anasema haiko mbinguni, akinukuu Torati yenyewe. Sauti ya Mungu imesikika kweli na bado wanasema Torati ilishatolewa, tuhukumu kwa kusoma na kujadiliana. Mungu anacheka, wanangu wamenishinda. Mimi ni Mkristo na kuna vitu hapo sikubaliani navyo, nilimwambia Mzee waziwazi, Roho kwangu hajaondoka. Akasema sawa, basi huyo Roho wako mpe nafasi ya kunyamaza.

Siku nyingine nikamuota mdogo wangu anatembea ufukweni, nikaamka natetemeka nikamuuliza Mzee. Akasema Talmudi inasema ndoto ni sehemu moja kati ya 60 ya unabii, na pia inasema hakuna nafaka isiyo na makapi na hakuna ndoto isiyo na mambo ya bure. Akaniuliza alikuwa amevaa nini. Tukazungumza habari za mdogo wangu jioni nzima, alivyokuwa, alivyopenda mpira, na ndoto yenyewe hatukuitafsiri.

Mwaka ukazunguka, ikafika tena Sabato ile ile, 27 Oktoba 2018. Asubuhi Mzee alipelekwa sinagogi na binti yake, akarudi, akala, akalala. Mimi si Myahudi, simu yangu iko wazi. Saa kumi alasiri nikiwa jikoni nikaona habari, mtu ameingia kwenye sinagogi moja Pittsburgh, Marekani, watu wakiwa kwenye ibada, Sabato ya hiyo hiyo sehemu ya Ibrahimu na wageni wake, akawapiga risasi. Baadaye ilijulikana aliua watu 11. Nikasimama pale sijui nifanye nini. Sabato bado haijaisha. Mzee akaamka, akaita kutoka sebuleni, mwanangu, mbona kimya, kuna neno gani? Aliisema kwa Kiswahili kama nilivyomfundisha.

Nikasema, hakuna neno Mzee. Si neno.

Nikampelekea chai. Mikono inatetemeka, nikakaa naye kwenye giza linaloingia zaidi ya saa mbili, nimefunga mlango wangu kama yule mama. Nyota zilipotoka, binti yake akaja wakafanya yale ya kuagana na Sabato, divai, manukato, mshumaa, na uso wa binti nikaona ameshajua. Tukamwambia pamoja. Alikaa. Simu ikaanza kulia, rafiki yake wa Talmudi, halafu wengine, na kuna mmoja nilimsikia kwenye spika anaeleza kwa nini Mungu ameruhusu, ana sababu zake kabisa zimepangwa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, mimi sijaambiwa, akamtakia usiku mwema.

Kisha akanigeukia upande anaoona kidogo. Ulijua tangu chai? Nikasema ndio Mzee, nisamehe. Akasema, "Shalom ya mstari wa 23." Akashika mkono wangu.

Usiku huo nilipoingia chumbani nikampigia mama Dar, kule ni saa tano. Alipokea akidhani kuna mabaya. Nikamwambia mama mimi mzima, ila nina neno. Neno gani mwanangu usiku huu? Nikamwambia yote, ile simu ya korido anaijua, lakini hakujua kwamba ni mimi niliyemwambia mdogo wangu Mungu amesema, na hakujua alichokisema siku aliyogoma kwenda kwenye mashine. Miaka minne alidhani mwanawe alichoka tu. Nikamaliza. Kimya. Nasikia feni yake ikizunguka, ile yenye mlio.

"Kwa hiyo Mungu alisema nini hasa?" mama akauliza.

"Sikuambiwa mama. Na yule hakuambiwa."

Akavuta pumzi. "Hata mimi," akasema. "Usiku wote ule nilimuuliza. Hata mimi hakuniambia."

Hakukata simu na mimi sikukata, tukakaa hivyo hewani na ile feni mpaka bando lake likaisha.